Muda sikuupata, niliukata

Tangu nimalize digrii swali ni moja tu, we muda ulikuwa unautoa wapi? Mwenzangu wa ofisini kauliza, shemeji kauliza, mpaka fundi aliyekuja kurekebisha bomba kaona cheti ukutani naye kauliza. Na mimi kila mara najibu kwa adabu, aah ni kujipanga tu. Uongo. Kuna watu nawaona wanataka kuanza na wanapeana moyo kwa hilohilo neno kujipanga, ndo maana leo nimeamua niseme ilivyokuwa.

Nilianza nina miaka 36, kazi ya kutwa, watoto wawili na mdogo bado ananyonya. Kitu kimoja cha akili nilichofanya kabla ya kulipa ada ni kupiga hesabu. Kwenye fomu kulikuwa na neno krediti, nikadhani ni kama maksi, kumbe krediti ni masaa. Chukua mfumo wa Ulaya, mwaka mmoja wa mtu anayesoma kutwa ni krediti 60, na krediti moja inahesabiwa kama masaa 25 mpaka 30 ya kazi, na siyo lekcha peke yake, ni pamoja na kusoma mwenyewe na kuandika asaimenti na kufanya mtihani. Digrii ya miaka mitatu ni krediti 180. Haya piga, masaa 4,500 mpaka 5,400. Mimi nilikuwa naona naweza masaa 15 kwa wiki, mawili kila siku ya kazi na matano Jumamosi. Ukigawanya zinakuja wiki 300 hadi 360, yaani miaka sita mpaka saba hivi, na hapo hujaumwa, hujafiwa, bosi hajakuletea kazi ya dharura. Brosha ilikuwa inasema soma ukiwa kazini umalize kwa miaka minne, na picha ya dada anaichekea laptop. Ili umalize kwa minne unatakiwa utoe masaa 22 mpaka 26 kila wiki bila kuruka hata wiki moja, sikukuu zote ndani. Huyo dada sijui alikuwa anacheka nini.

Nikampelekea mke wangu ile karatasi ya hesabu. Usiku ule hakusema neno. Asubuhi ananiuliza, "haya masaa 15 yanatoka kwa nani?"

Hajasema wapi, kasema kwa nani. Nikakaa chini. Mpira wa wikiendi ukaondoka, kijiwe cha Jumamosi na washkaji kikaondoka, na wapo ambao mpaka leo urafiki haujarudi kama zamani, siwezi kuwalaumu, mtu ukimwambia sina nafasi mara kumi anaacha kukuita. Jioni ya kuwalaza watoto mke wangu alikataa isiguswe, na alikuwa sahihi. Mimi kwa ujanja wangu nikaona nikate kwenye usingizi, maana usingizi hauna wa kulalamika. Mwaka wa kwanza nilikuwa nalala masaa manne. Nikasinzia kwenye kikao mbele ya bosi, kalamu ikadondoka, ndo akajua nasoma, kwa sababu nilikuwa nimemficha. Afadhali ningemwambia mapema, ingawa najua kuna maofisi ukisema unasoma wanaanza kukuona unataka kuhama, hapo kila mtu anamjua bosi wake.

Matokeo ya kulala masaa manne: sapu ya takwimu, yaani nimefeli narudia mtihani. Na ile sapu ndo iliyonifundisha kusoma, watu wengi tunarudi shule na njia zilezile za utotoni. Nilikuwa nimesoma ile mada ya distribution, jinsi namba zinavyotawanyika, mara nne, kila mstari nimepaka kalamu ya njano, kitabu kimekuwa njano chote. Kwenye pepa nikakumbuka kabisa fomula iko ukurasa wa kushoto juu kwenye kona, ila yenyewe sasa, haiji. Kumbe hii imepimwa. Watafiti wa saikolojia, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 walichukua wanafunzi, kundi moja likarudia kusoma, jingine likasoma kisha likajipima kwa kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndo walikuwa juu. Baada ya wiki moja waliojipima wakawapita. Sasa ona mtego uliopo, usiku ule unaosoma unajiona umeelewa, halafu pepa haliko usiku ule, liko mwezi ujao. Nikaacha kalamu ya njano. Nikawa nasoma kurasa nne tano, nafunika kitabu, naandika kwenye karatasi tupu nilichobaki nacho, na siku mbili tatu baadaye naandika tena kabla sijafungua. Inaumiza, unajiona mjinga kila siku, lakini masaa yaleyale yakaanza kuzaa. Na nikarudi kulala masaa sita, maana usingizini ndo ubongo unahifadhi ulichosoma mchana, ukiukata ni kama kuteka maji na ndoo iliyotoboka.

Kazi za grupu siongelei sana. Vijana wa miaka 20 wanatuma meseji saa tano usiku tukutane kesho saa nane mchana. Saa nane mchana ya Jumanne! Ila walinifundisha kutengeneza slaidi na nawashukuru.

Likizo zangu zote za miaka ile zilikwenda kwenye mitihani. Mwaka wa nne mama akaugua, nikaona hapa nikilazimisha nitapoteza vyote, nikaandika barua ya kuahirisha semista. Hii naomba mtu aishike, ANDIKA BARUA. Nilianza na wenzangu kadhaa wa rika langu, na wengi walioishia njiani hawakufeli, walipotea tu kimyakimya, kazi imebana, ada imechelewa, akasema nitarudi, na aliporudi jina halipo. Mimi nilikuwa na karatasi yenye mhuri, nikarudi nikaendelea nilipoishia. Semista ile nilikuwa naona aibu sana, naona nimezeeka darasani, kitu kilichonituliza kidogo ni habari ya Mandela, alianza digrii ya sheria 1943 akaja kuimaliza 1989 kupitia UNISA, chuo kikuu cha Afrika Kusini cha kusoma kwa mbali, akiwa bado mfungwa. Miaka 46. Na mimi nalia na semista moja.

Riseachi ya mwisho ndo sehemu pekee ambayo kuwa mfanyakazi kulinisaidia. Niliandika kuhusu kumbukumbu za stoo, kitu ambacho nakiishi, data iko mezani kwangu, japo ilibidi niombe ruhusa ya maandishi na kuficha majina yote. Supavaiza alikuwa ananiuliza swali najibu kabla hajamaliza.

Miaka saba kasoro kidogo. Mahafali nilivaa joho, picha zikapigwa, jua lilikuwa kali, basi.

Jumamosi iliyofuata nikaamka saa kumi alfajiri kama kawaida, mwili ulishazoea. Nikawasha taa, nikakaa kwenye ile meza, nikakaa tu. Hakuna cha kufungua. Saa kumi na mbili mke wangu anatoka ananikuta, unafanya nini, namwambia sijui, nadhani yale masaa 15 yamerudi. Akavuta kiti. Kumbe yeye alikuwa ameshayapangia zamani, akaanza kunihesabia kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja havikutosha.