Msumari wa mwaka 1997

Jana jioni binti yangu alitoa tepu ya kupimia kwenye droo ili apime meza kwa ajili ya kazi yake ya hesabu, akanirudishia akilalamika kwamba inakwama ikipita mita moja na kwamba ina udongo. Nilimwambia ni tope la mto Tana. Hakuuliza zaidi, lakini mimi nililala nalo kichwani.

Ilikuwa Februari 2017, karibu na Garsen, nchini Kenya, mwezi uleule ambao serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, nasi tulikuwa tumetumwa kuwauliza watu habari za mafuriko. Walitujibu kwa adabu, huku ng'ombe waliokonda wakipita nyuma yetu. Fomu ilitaka kila kijiji kipewe alama mbili, moja ya uwezekano wa janga na nyingine ya ukubwa wa madhara, kisha zizidishwe, na jibu ndilo lingeamua nani apelekewe mitumbwi na maturubai mapema. Vijiji vitano vya kwanza tulivimaliza kwa siku mbili, na leo sikikumbuki vizuri hata kimoja.

Katika cha sita kulikuwa na mwembe uliopigiliwa msumari pale maji ya El Niño ya mwaka 1997 yalipofika. Gome lilikuwa limeumeza, kikabaki kichwa tu chenye kutu. Niliweka tepu chini, nikaivuta hadi kwenye msumari, nikaandika: mita 1 na sentimita 12.

Bibi mmoja aliyekuwa akisuka mkeka kivulini akaniuliza, "Umepima kutoka wapi, mwanangu?"

"Kutoka chini, bibi."

"Chini ipi?"

Aliinuka, akachukua jembe la mpini mfupi, akaanza kuchimba kando ya shina bila haraka na bila kutueleza chochote. Ulitoka mchanga laini wa kijivu, kisha tope lililokauka na kupasuka vipandevipande, kisha mchanga tena, na chini yake udongo ambao bado ulikuwa na unyevu. Kila tabaka alilitaja kwa mwaka wake, kama mtu anayetaja wajukuu kwa mfuatano wa kuzaliwa. Shimo lilipofika kina cha goti, jembe liligonga kitu kigumu. Lilikuwa figa, upande mmoja bado mweusi kwa masizi.

"Mwaka ule nilikuwa nikipikia hapa," alisema.

Nikashusha tepu shimoni hadi kwenye figa: mita 1 na sentimita 58.

Mwenzangu alishikilia kipimo cha kwanza, kwa kuwa nyumba za leo zimejengwa juu ya ardhi ya leo. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kama ardhi imepanda, mto nao haukupanda?" Aliongeza kwamba tangu mabwawa ya huko juu yajengwe, yale maji madogo yaliyokuwa yakileta rutuba shambani yamepungua, na kwamba mwaka ambao mto hauji kabisa ndio anaouogopa zaidi. Fomu haikuwa na nafasi ya mafuriko yanayotamaniwa. Ningependa kusema kwamba hoja ya mwenzangu ilinishawishi. Ukweli ni kwamba fomu ilidai "kimo kutoka ardhini", jua lilikuwa linazama, na dereva alikwisha kuwasha gari. Niliacha 112, na kijiji kikapata alama ya wastani.

Mvua za masika za 2018 zilipoifurisha Tana, mjukuu wake alinipigia simu kutoka mahali pa mwinuko walikohamia. Watu wote walikuwa salama, mahindi yalikuwa yamekwenda, na msumari hauonekani. Mitumbwi ilikuwa imepelekwa kwingine kwanza. Barabara nazo zilikuwa zimekatika, kwa hiyo pengine alama yangu haikubadilisha lolote. Nimejiambia hivyo mara nyingi.

Kisha bibi akachukua simu. Hakutaja alama wala mitumbwi. Alisema kwamba wamekwisha kupanda kwenye kingo zilizoanza kukauka, na kwamba juu ya ile ardhi niliyoipima sasa kuna nyingine.

"Ukija," alisema, "njoo na jembe."

Sijaenda.