Askofu wa d7: Nilivyocheza Ulinzi wa Kifaransa Dodoma

Katika raundi ya nne ya mashindano ya sataranji yaliyofanyika hapa Dodoma, nilipangiwa kete nyeusi dhidi ya mzee mmoja wa Kondoa ambaye hadi saa hiyo hakuwa amefungwa na mtu. Nilimwamkia, tukapeana mikono, akasogeza askari wake hadi e4 (herufi hutaja safu ya ubao, namba hutaja mstari). Nilijibu e6, yaani Ulinzi wa Kifaransa, ulioitwa hivyo baada ya wachezaji wa Paris kuutumia dhidi ya wa London katika mchezo wa kutumiana hatua kwa barua ulioanza mwaka 1834.

Ufunguzi huu nilikuwa na deni nao. Katika mazoezi ya jioni kule Makole niliwahi kumpoteza malkia humu humu, nikachekwa wiki nzima. Nyeupe hujenga d4 na e5, nasi tunaibana d4 kwa askari wa c5, farasi wa c6 na malkia wa b6. Nyeupe akimweka askofu wake d3, na askari wakishabadilishana pale d4, askari anayebaki huonekana kama wa bure. Lakini ukimla kwa farasi, farasi akaliwa, nawe ukala kwa malkia, askofu huruka hadi b5 kumtishia mfalme, na malkia wako anabaki ana kwa ana na malkia mweupe wa d1, bila mlinzi.

Safari hii nilimtoa kwanza askofu wangu hadi d7, na mraba wa b5 ukawa na mwenyewe: askofu mweupe akiruka pale, analiwa. Mzee alitabasamu, akamsitiri mfalme wake kando ya ngome, akaniachia yule askari wa d4 makusudi ili kete zake zitoke haraka. Nilitafakari dakika kumi na moja, kisha nikala.

Kwa kweli niliteseka. Nilisogeza a6 kumzuia farasi wake asiingie b5, kisha nikamtembeza farasi wangu wa pili kupitia e7, c6 na b4 hadi akabadilishana na yule askofu wa d3, ambaye ndiye aliyebeba mashambulizi yote. Baada ya hapo askari wangu wa d5 hakuwa na wa kumzuia mbele yake, na mwisho wa mchezo, zilipobaki ngome kwa ngome, uliamuliwa naye.

Mzee alisimamisha saa, akakubali kushindwa. “Kijana,” aliniambia, “hebu tupange upya tangu askofu alipokwenda d7.”