Siku moja na Morris ya mzee wa Likoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nishafungua gereji. Si kawaida yangu, ila valvu (milango midogo ya injini) za gari la zamani kama Morris Minor hupimwa injini ikiwa baridi, na Mombasa hii ubaridi ni wa alfajiri tu. Gari limelala hapa tangu jana. Lilizima kwenye foleni ya feri jua likiwa la utosi, likavutwa na pikapu hadi kwangu, na mzee mwenyewe akashuka akilalama: "Mwanangu, haya mafuta yenu yasiyo na risasi yataniulia gari."

Mwanagenzi wangu akacheka. "Fundi, kumbe zamani petroli ilikuwa na risasi? Za bunduki?"

Saa moja, basi, somo likaanza huku tukifungua kifuniko cha valvu. Risasi ni madini. Yalichanganywa kwenye petroli ili injini isigonge, na yakiungua yaliacha utando mwembamba kwenye siti, yaani pale valvu za ekzosi, za kutolea moshi, zinapokalia zikifunga. Hedi ya Morris, kichwa cha injini, ni chuma cha kusubu, na siti zimechongwa humo humo. Utando ukikosekana, valvu ya moto hung'ang'ania siti, ikifunguka inabanduka na chembe za chuma, na kidogo kidogo inazama ndani ya hedi. Nchi za kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ile kufikia Januari 2006. Aljeria ndiyo iliyofunga mlango, mwaka 2021. Mimi siililii hata kidogo. Moshi wake ulikuwa sumu kwa ubongo wa watoto, nami nilikulia kando ya barabara.

Saa moja na nusu. Kijana anazungusha injini kwa hendeli ya mbele, mimi nimeshika fila, vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Hesabu ya Morris ni tisa, yaani namba za valvu mbili zijumlike tisa: valvu ya nane ikifunguka kabisa, unapima ya kwanza, ya tano ikifunguka, unapima ya nne. Nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma inatakiwa iwe sehemu kumi na mbili kati ya elfu moja za inchi. Za kuingiza hewa zote ziko sawa. Za ekzosi ni ya 1, 4, 5 na 8. Ya kwanza sawa, ya nane sawa. Valvu ya nne, fila ya kumi na mbili imegoma. Ya kumi nayo imegoma. Fila ya nane ndiyo iliyopita, tena kwa kukwaruza. Valvu ya tano vivyo hivyo.

Hapo ndipo watu hukosea. Valvu ikizama, nafasi haipanuki, inapungua, na gari halitoi kelele yoyote. Tena linatulia, dereva anafurahi. Nafasi ikiisha, valvu haifungi tena, na hapo inaungua.

Nikafungua daftari la mzee. Mara ya mwisho ni mimi niliyeziweka kumi na mbili, maili elfu tatu zilizopita. Kupungua sehemu nne kati ya elfu moja za inchi kwa mwendo huo si msiba. Gari hili ni la msikitini na sokoni, haliendi Nairobi kwa kasi. Nikazirudisha kumi na mbili, hedi nikaiacha palipo. Siku ya kuifungua tutaipeleka kwa mchonga vyuma atie siti ngumu za ekzosi, mambo yaishe.

Saa tatu: mahamri na mbaazi.

Saa nne nikamtafuta mchawi aliyelizima gari kwenye foleni. Pampu ya mafuta ya Morris ni ya umeme, inalia tik, tik, kisha inanyamaza kabureta ikijaa. Tuliacha injini iungurume dakika ishirini, pampu ikaanza kulia mfululizo kama cherehani. Inasukuma mvuke. Kumbe kuna mtu aliwahi kubadilisha mpira wa mafuta akaupitisha karibu na bomba la ekzosi, petroli inachemkia humo. Mpira wenyewe umepasuka kama kisigino. Nikatia mpya, nikaupitisha mbali. Kazi ya nusu saa, tena risasi haihusiki.

Mchana ulikwenda kwenye breki za matatu, sina la kusimulia.

Saa tisa mzee akaja na kanzu yake na chupa. "Nimeuziwa hii, inarudisha risasi." Nikamwamkia, nikainusa. Dawa za kulinda siti zipo na husaidia, lakini hii ni mafuta ya taa matupu.

"Weka kwa ajili ya jiko, mzee."

Saa kumi na moja tukaenda naye hadi foleni ya feri, kwa makusudi, jioni watu wanaporudi makwao. Dakika arubaini tumesimama. Tik. Kimya. Tik. Mzee akatoa daftari, akaniamuru nimtajie: ya nne, nane, ya tano, nane, zote zimerudi kumi na mbili. Akaandika polepole, mlango wa feri ukafunguliwa, nikashuka.

Niko nusu ya njia kurudi ndipo nilipopapasa mfukoni. Fila yangu iko juu ya dashibodi ya Morris, na Morris iko ng'ambo.