Kushuka Zambezi kwa Boti ya Mpira: Mvua Imekwisha, Mto Umejaa

Mwishoni mwa Juni, Livingstone, kusini mwa Zambia, haina hata wingu moja. Nyasi zimekauka, vumbi linatimka barabarani, na baridi ya alfajiri inakaribia ile ya Makambako. Mvua za kule huisha Aprili, kwa hiyo kwa hesabu ya kawaida mto ungekuwa umeshapungua. Lakini tulipofika ukingoni mwa korongo la Batoka na kuchungulia chini, Zambezi ilikuwa imejaa ukuta hadi ukuta.

Hapo ndipo tulipojua kwamba dalali aliyetukatia tiketi mjini alituuzia kitu ambacho hakipo. Sehemu za maji makali korongoni hupewa namba kuanzia maporomokoni kushuka, na karatasi ya malipo ilisema tutaanzia Namba 1, chini kabisa ya Maporomoko ya Victoria, kwenye dimbwi liitwalo Boiling Pot, tushuke siku nzima. Gari likatupeleka moja kwa moja hadi Namba 11. Sehemu kumi za mwanzo zilikuwa zimefungwa, na zingebaki zimefungwa kwa wiki kadhaa. Kila anayefanya kazi mtoni alilijua hilo, na dalali alilijua pia. Bei haikushuka hata senti, zaidi ya dola 100 kwa kichwa, na ada ya hifadhi ikadaiwa juu yake tukiwa tumeshavaa jaketi okozi. Aliyetaka kulipa kwa kwacha ya Zambia alikokotolewa kwa kiwango chao wenyewe. Tulidai turudishiwe tofauti, hatukupata kitu.

Ya njiani, kutoka Tunduma hadi Lusaka na kutoka Lusaka kushuka kusini, nayaacha. Basi ni basi, viti vinabana magoti, na nauli inapanda kila mafuta yanapopanda. Kilichonifanya niandike ni mto wenyewe, kwa sababu watu wengi wa kwetu wanapanga safari hii kwa kufuata masika na vuli za nyumbani, na Zambezi haifuati hesabu hiyo.

Kiongozi wa boti yetu alikuwa kijana wa Livingstone aliyewahi kufanya kazi Jinja, Uganda, akatoka huko na Kiswahili cha mtaani kinachoeleweka vizuri. Kabla hatujagusa maji alituonyesha ukuta wa jiwe jeusi ng'ambo ya pili. Juu ya usawa wa maji palikuwa na mstari ambapo rangi ya jiwe inabadilika. Chini ya mstari jiwe limepauka, limesuguliwa, halina hata jani. Juu yake vichaka vimeshika kwenye nyufa. "Kaka, Aprili maji yalikuwa pale," akasema. Kutoka mstari ule hadi yalipokuwa maji siku ile palikuwa na kimo cha nyumba ya ghorofa. Akaelekeza kafi lake chini, penye maji: "Na Oktoba mawe mengine yatatokea hapa chini, sasa hivi huyaoni."

Sababu iko mbali sana na Livingstone. Zambezi inaanzia vilima vya Kalene, upande wa Mwinilunga, kaskazini-magharibi kabisa mwa Zambia. Inaingia Angola, inarudi Zambia kupitia Chavuma, kisha inatambaa kwenye uwanda wa Barotse. Uwanda ule ni tambarare tupu. Maji ya mvua za Januari na Februari yanamwagika nje ya kingo, yanatanda, yanakaa. Ndiyo maana watu wa kabila la Lozi, wenyeji wa uwanda ule, wana sherehe ya Kuomboka, mfalme wao, Litunga, anapohama kwa mashua kubwa kutoka Lealui kwenda Limulunga penye ardhi ya juu. Uwanda ukishashiba ndipo maji yanaachiliwa polepole kuelekea Victoria, na hiyo huchukua wiki nyingi. Kilele kinafika Aprili, miaka mingine hata mwanzoni mwa Mei, wakati wakulima wa huko wanavuna. Kwa wastani, Aprili zaidi ya mita za ujazo 2,500 hupita kila sekunde. Mwishoni mwa Oktoba na Novemba hubaki kama 300.

Jambo la pili linawashangaza hata waogeleaji hodari. Kwenye korongo hili, maji yakipungua mto ndio unakuwa mkali. Juu ya Victoria mto una upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Ukidondoka, wote unabanwa kwenye ufa mwembamba wa jiwe la volkano. Sakafu ya ufa ina vizingiti, na kila baada ya kizingiti kuna dimbwi lenye kina. Maji yakiwa machache kila kizingiti kinakuwa ngazi halisi: boti inadondoka, inagonga wimbi, kisha inatulia dimbwini. Huko ndiko kuna Namba 5, Stairway to Heaven, inayoshuka kwa mwinuko mkali, na Namba 7, Gulliver's Travels, ambayo ni ndefu na ina njia kadhaa za kuchagua. Kuna pia Namba 9, Commercial Suicide, ambako abiria huteremka na kupita kwa miguu juu ya mawe, boti ikapitishwa bila wao. Namba 18, Oblivion, ina mawimbi matatu mfululizo, na la tatu ndilo linalopindua boti nyingi. Maji yakijaa, ngazi hizi zinazama. Mawimbi yanakuwa mapana na kupoteza makali, lakini nguvu ya mto inahamia pembeni na chini: mizunguko inayofunguka ghafla, maji yanayofoka kutoka chini, na mistari pale mkondo unaposuguana na maji yanayorudi nyuma kando ya ukuta.

Kwenye mstari wa namna hiyo ndiko boti yetu ilikopinduka. Namba 13, The Mother, tulishaipita salama. Boti ilikuwa na watu wanane na kiongozi nyuma, mawimbi yakaturusha mfululizo, kila mtu akachoma kafi lake majini kama tulivyofundishwa. Tulipotoka wimbi la mwisho watu wakainua makafi juu kushangilia, na boti ikaachwa bila mwendo wake yenyewe. Hilo ndilo kosa la maji makubwa. Boti inayosukumwa kwa kafi inakata mstari na kupita. Boti inayoelea tu inachukuliwa. Ubavu wa kulia ukavuka mstari na kukutana na maji yanayopanda kurudi juu. Maji yale yakapanda juu ya mpira wa kulia, yakaukandamiza, na mpira wa kushoto ukanyanyuka. Kiongozi akapiga kelele, "Juu kushoto!" Maana yake ni kwamba wote mjirushe kwa kifua juu ya mpira ulionyanyuka, uzito uurudishe chini. Wawili watatu walijirusha. Waliobaki walikuwa wameng'ang'ania kamba palepale walipokaa, upande unaozama, na uzito wao ndio uliomaliza kazi.

Chini ya maji ni giza na unazungushwa. Kuogelea wakati huo ni kupoteza pumzi bure. Unakunja magoti kifuani, unafunga mdomo, unaliacha jaketi likupandishe. Mzunguko humshika mtu sekunde kadhaa kisha humwachia. Ndiyo sababu jaketi hukaguliwa mara mbili kabla ya kuanza: mikanda ya pembeni ikazwe, kisha mwenzako akuvute kwa mabega kwenda juu. Likipanda hadi masikioni, halijakazwa, na chini ya maji litakuvuka. Kofia ngumu nayo isiteleze nyuma na kuacha paji la uso wazi. Ukiibuka, lala chali, miguu ikitangulia mto unakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji, wala usijaribu kusimama hata ukihisi jiwe chini, kwa sababu mguu ukinaswa kwenye ufa mkondo unakulaza kifudifudi. Kafi usiliachie: ni mkono mrefu wa kushikwa nalo.

Walinzi wa kayaki, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja, walitukusanya mmoja mmoja. Kiongozi alishapanda juu ya tumbo la boti, akafungua mkanda aliojifunga kiunoni, akaunasa kwenye kamba ya ubavuni na kujitupa nyuma kwa uzito wake wote hadi boti ikageuka. Kazi hii si ngeni kwao. Tofauti iko kwenye umbali. Septemba ungepinduka hapo ukaokotwa kwenye dimbwi lililofuata, maji yametulia. Juni dimbwi halipo, mto unakwenda bila kusimama, na wawili wetu waliokotwa karibu kabisa na mawimbi yaliyofuata. Asiyejua kuogelea asiende msimu wa maji mengi, hata aambiwe nini na muuza tiketi.

Baada ya hapo kuna kupanda. Njia ya kutokea korongoni ni ya miguu, ukuta una kama mita 200, ngazi za magogo na mawe, na miguu imeshalegea. Wapagazi wanapita na boti iliyokunjwa mabegani huku wewe ukihema. Mwezi Juni kupanda huku kunavumilika, Oktoba ni jambo jingine: hewa ya korongoni inakaribia nyuzi 40 na jiwe linachoma kiganja. Anayekwenda Oktoba abebe maji yake ya kutosha na asitegemee chupa moja inayogawiwa.

Basi uchaguzi wa mwezi uko hivi. Januari mto unaanza kupanda, na kuelekea kilele safari zinafupishwa na kisha kusimama kabisa. Zinarudi maji yakianza kushuka, kwa kawaida Juni, lakini kwa nusu ya chini tu, kama tulivyokwenda sisi. Kuanzia Agosti Namba 1 inafunguliwa, na hali hiyo inakwenda hadi Desemba. Safari za siku kadhaa za kulala kwenye mchanga hupangwa ndani ya miezi hiyo. Mimi ningechagua Septemba. Maji yameshashuka vya kutosha, joto halijafika kilele, na Victoria upande wa Zambia bado ina maji ya kutazamwa, ilhali Novemba sehemu kubwa ya upande huo ni ukuta mkavu. Ubaya wa Septemba ni bei za kulala, maana watalii wa Ulaya wamejaa. Mwenye mfuko mwembamba na uvumilivu wa joto aende Novemba.

Miezi hii inasogea kulingana na mwaka. Baada ya ukame wa El Niño wa 2023 na 2024 mto ulikuwa chini mno, na mwaka wa mvua nyingi ufunguzi huchelewa. Mamlaka ya Mto Zambezi, inayomilikiwa na Zambia na Zimbabwe, hutangaza kwenye tovuti yake kiasi cha maji kinachopita Victoria, na pia Chavuma kule juu. Chavuma ndiyo inayotangulia kutoa habari: ikipanda leo, Victoria itapanda baadaye. Kuanzia Mei namba hushuka taratibu, kwa hiyo mwenye kupanga Agosti anaweza kuifuatilia kila wiki. Na kabla ya kutoa hela, muulize mwenye boti, si dalali: wiki hii mnaanzia Namba ngapi, na mnatokea Namba ngapi? Majibu yaandikwe kwenye risiti.

Usiku ule, nguo zikikauka, nilikuwa nawaza Rufiji. Mkulima wa Utete au Ikwiriri hahitaji kufundishwa habari ya Barotse. Anajua mafuriko yake yanatoka Kilombero, yanamfikia wakati mwingine kwake jua linawaka. Ujuzi huu tunao nyumbani kwa vizazi, ila hatuutumii tunapotazama mto wa wengine. Na mito yenyewe inabadilika. Rufiji sasa ina bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Jinja, maporomoko ya Bujagali yalizama chini ya bwawa lililozinduliwa 2012, na bwawa la Isimba mwaka 2019 likameza mawimbi mengine huko chini. Batoka nayo ina mpango wa bwawa la megawati 2,400 kiasi cha kilomita 50 chini ya Victoria, na likijengwa maji yatarudi nyuma na kufunika sehemu kubwa ya tulikopita. Umeme tunauhitaji, nami sisemi vinginevyo, lakini ningependa watoto wetu wauone mto ule kabla.

Kwa asiyeweza kufika kusini, Jinja bado inashukwa mwezi wowote, kwa sababu Nile pale inatoka Ziwa Victoria na tangu 1954 inadhibitiwa na bwawa la Owen Falls. Mvua ya wiki moja haibadilishi kitu. Sagana, Kenya, ni kinyume chake kabisa. Mto wa pale, Tana ya juu, unapokea maji ya Mlima Kenya na Aberdare, na mvua ya usiku mmoja mlimani inafika mtoni haraka. Kule fuata masika na vuli zako za kawaida: Aprili hadi Juni, kisha Novemba na Desemba. Februari na Machi kuna mawe mengi kuliko maji, na boti inakwaruza chini hadi muibebe.