Ule ukoko mweupe ndani ya birika

Wapendwa wa Lubumbashi, ule ukoko mweupe ndani ya birika si uchafu, ni chokaa. Maji mengi ya chini ya ardhi hapa kwetu hupita kwenye miamba ya dolomiti na kubeba kalsiamu na magnesiamu. Yakichemka, chokaa hujitenga na kuganda. Kuyanywa hakudhuru, kinachoumia ni vyombo na mfuko.

Changanya siki nyeupe na maji, nusu kwa nusu, hadi ukoko ufunikwe. Pasha moto, acha saa moja, mwaga, suuza mara mbili. Usikwangue kwa kisu. Na tafadhali sana, siki isikutane na maji ya javeli (dawa ya kung'arishia nguo): hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Maharage ndiyo yanayokula makala ya kupikia zaidi, maana kalsiamu hukaza ganda lake. Jioni chemsha maji dakika 10, yaache yapoe na kutulia, mimina ya juu tu, loweka humo usiku kucha. Kalsiamu yote haitoki majini, ila tofauti utaiona. Maji hayo hayo yanafaa kufulia nguo nyeupe: sabuni ya kipande hutoa povu upesi, na ule utando wa kijivu hupungua.