Breakdown: neno moja lililonila elfu sita

Mwaka wangu wa kwanza katika ofisi ya uwakala wa forodha, Shimanzi, mteja mmoja wa Uingereza alituandikia kwa mkato: anaomba "the breakdown" kabla ya saa kumi jioni. Bosi alikuwa Kipevu, simu yake haishikiki. Nami nilijua kwamba asubuhi ile lori lililobeba kontena la mteja huyo lilikuwa limepasua gurudumu Mariakani. Nikajisemea, dereva keshamwambia mzungu, na mzungu anataka livutwe.

Kwetu Mombasa brekidauni ni gari, lile la winchi na minyororo linaloegeshwa Changamwe likingojea mkosi wa mwenzio. Nikapiga simu, tukapatana elfu kumi na mbili. Saa moja na nusu baadaye mwenyewe akanipigia: "Dada, lori lenu laenda, dereva ashabadilisha gurudumu. Sasa wataka nivute nini?" Mafuta yalikuwa yameshachomeka, ikabidi alipwe. Nusu ya pesa hizo bosi alizikata kwenye mshahara wangu.

Alichotaka mteja ni mchanganuo wa gharama. Tulikuwa tumempelekea jumla moja nene, naye alitaka kuona kila kitu mbalimbali: ushuru wa forodha, unaopigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na bima na nauli ya meli, VAT ya asilimia 16, inayokokotolewa ushuru ukiwa umeshaongezwa, tozo ya reli, ada za bandari, usafiri, mwisho ujira wetu sisi. Niliuandika usiku, kwa machozi.

Kamusi niliyokuwa nayo haikunifaa sana. "Break" ni kuvunja, "down" ni chini. Sasa kuvunja chini ndiyo nini? Tena tangu utotoni nililisikia kama breki na dauni, nikawa nashangaa breki inafanya nini ndani ya dau, chombo kisicho na breki.

Kilichonitoa ni kulitazama neno na majirani zake. Likifuatwa na "of" kisha pesa au hesabu, ni mchanganuo. Likikaa karibu na injini, ni kuharibika. Kwenye mazungumzo ya biashara, ni kuvunjika, vilevile tusemavyo sisi. Kwa mtu, ni kuzidiwa na mawazo hadi ashindwe kujimudu, na hapo usilete mzaha. Lile la winchi Waingereza huliita "breakdown truck". Sisi tumelitupa lori tukabaki na uharibifu.

Maandishi nayo yana hila yake. Likiwa jina huandikwa pamoja, na sauti hukazwa mwanzoni, kwenye "break". Likiwa kitenzi hutengana, "break down", na mkazo huhamia kwenye "down". Lililopita ni "broke down". Mimi nilikuwa naandika "breakdowned" kwenye ripoti za madereva, na miezi minane hakuna aliyenisahihisha, jambo ambalo pia linakueleza kuhusu wasomaji wa ripoti zile.

Nikanunua daftari. Kila neno la Kiingereza lililoungwa na mawili naliandikia sentensi nzima nilimolikuta, kwa sababu maana peke yake hunipotea kabla ya magharibi. "Turnover" imekula kurasa mbili: mauzo ya mwaka, na wafanyakazi wanavyoingia na kutoka, na huko jikoni ni andazi la kukunjwa lenye matunda ndani.

Juzi mteja yuleyule kaandika juu ya "oversight" katika mzigo wake. Neno hilo ni usimamizi, na ni kupitiwa pia, yote mawili. Kwa hiyo sikujua kama anataka tumsimamie au anatulaumu. Safari hii nilimpigia simu kwanza.

Alikuwa anatulaumu.