Supu ya Asubuhi Kando ya Bellaire

Kila Jumamosi, kabla ya saa mbili asubuhi, huwa nimekwisha kukaa kwenye meza ya pembeni katika mgahawa mdogo wa Kivietinamu ulioko kando ya Bellaire Boulevard, kusini magharibi mwa Houston, Texas, Marekani, ambako vibao vya barabara vimeandikwa pia kwa Kivietinamu. Mgahawa wenyewe hauna mapambo ya kumshangaza mtu. Ninakwenda kwa ajili ya phở tu, yaani supu ya nyama yenye tambi za mchele, neno ambalo wageni wengi hulitamka “fo”, ingawa sisi tungelikaribia zaidi kwa kusema “fa” kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Mimi ni mtoto wa Dar es Salaam, na kwetu supu hunywewa asubuhi, ikiwa na ndimu, pilipili na chapati ya moto. Wenzangu wa kazini hapa walicheka waliposikia kwamba ninatamani mifupa ya ng'ombe kabla ya jua kupanda, lakini Wavietinamu hawakuona ajabu yoyote, kwa kuwa kwao phở ni kifungua kinywa tangu zamani.

Siku ya kwanza harufu ndiyo iliyonisimamisha mlangoni, maana ilikuwa harufu ya pilau: mdalasini, karafuu na iliki, pamoja na kiungo chenye umbo la nyota ambacho mama hakuwahi kuwa nacho jikoni. Mifupa huchemshwa kwanza na maji yake kumwagwa ili povu na damu viondoke, kisha hutiwa maji mapya pamoja na vitunguu na tangawizi vilivyochomwa hadi maganda yakawa meusi, ikaachwa kwenye moto mdogo kwa saa nyingi. Moto ukizidi, supu huchafuka. Ukiwa wa kiasi, hutoka angavu hata tambi za mchele zikaonekana zimelala chini ya bakuli. Nakiri kwamba supu zetu za kule nyumbani, pamoja na utamu wake wote, hazijapata kuwa na subira ya namna hiyo.

Bakuli linapofika, vipande vya nyama mbichi vilivyokatwa vyembamba kama karatasi huwa bado vyekundu, navyo huiva mbele ya macho yangu kwa joto la supu peke yake. Mimi huagiza pia kano na utumbo. Pembeni huja sahani ya choroko zilizochipua, mrehani, ndimu na pilipili mbichi, ambayo ni desturi ya kusini mwa Vietnam: nchi ilipogawanywa mwaka 1954, mamia ya maelfu ya watu wa kaskazini walihamia kusini na phở yao, na huko ikaongezewa majani na sosi tamu. Baada ya Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, kuanguka mwaka 1975, wakimbizi waliileta Texas. Anayeimwaga hiyo sosi tamu kabla hajaonja supu huniudhi, ingawa najua bakuli ni lake.

Mwenye mgahawa ni mama wa makamo ninayemwita Cô, yaani shangazi, kwani Wavietinamu nao humwita mtu mzima kwa jina la undugu hata kama hawana nasaba naye. Yeye huniita con, mwanangu. Shikamoo tu ndiyo inayokosekana.

Mwezi uliopita nilijisahau nikafanya utovu wa adabu: nilikuja na chapati mbili nilizozipika usiku, nikazifungua chini ya meza, nikawa nachovya kipande kimoja kimoja kwa kujificha. Cô aliniona. Alikuja akasimama juu ya kichwa changu, akanyoosha mkono bila kusema neno, nami nikampa kipande, akakichovya kwenye bakuli langu mwenyewe, akatafuna taratibu huku akitazama dirishani. Kisha akaniambia kwamba wazazi wake walitoka Hanoi, kaskazini, na kwamba huko phở huliwa na quẩy, vijiti vya unga vinavyokaangwa kwenye mafuta, ambavyo hapa yeye hapiki kwa sababu wateja hawaviulizi. Akaingia jikoni, akatoka na kibakuli cha supu tupu, akavuta kiti, akaichukua chapati ya pili yote.